Mwilini, mapajani, kwenye buti: namna ya kufungasha safari ya basi kutoka Dar hadi Njombe

Juni moja niliondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi nimevaa fulana, sketi nyepesi na ndala. Jasho lilikuwa linanitoka hata kabla basi halijatoka stendi, kwa hiyo nilijiona mjanja. Kufika Mlima Kitonga tukakuta lori limekufa katikati ya kona. Wa juu hashuki, wa chini hapandi, madereva wameshatandika mikeka chini ya matela yao. Tulitoka pale saa mbili usiku. Dirisha la siti ya mbele yangu lilikuwa halifungi. Iringa nikaanza kujikunyata. Mafinga, saa sita na nusu usiku, nikashuka kumwomba konda.

"Kaka, samahani, nifungulie buti nichukue sweta tu."

"Dada yangu, begi lako lipo chini ya marobota ya mitumba. Nikianza kuyashusha hapa tutafika kesho."

Kesho ilikuwa imeshaingia nusu saa nzima. Nilikaa hivyo hivyo mpaka Makambako, nikateremka nikitetemeka meno, na mama mmoja muuza chai akanivuta karibu na jiko lake la mkaa bila hata kuniuliza natoka wapi. Aliziona ndala, akajua.

Sweta nilikuwa nalo, la sufi, zito. Nililikunja mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Kosa langu ni kwamba nililiweka mahali ambapo mkono wangu haufiki. Tangu siku hiyo sifungashi kwa kuuliza tu "nimesahau nini?" Kila kitu nakiuliza: nitakuhitaji lini, na wakati huo utakuwa wapi? Vya kuhitajika wakati wowote vinakaa mwilini. Vya kuhitajika ndani ya basi vinakaa mapajani, yaani kwenye kibegi ambacho hakitoki mkononi mwako. Vya kuhitajika ukishafika ndivyo vinavyokwenda kwenye buti. Mwongozo huu nimeuandika kwa safari ya Njombe kwa sababu ndiyo ninayoijua, kwao mama ni huko. Anayekwenda Mbeya, Songea au Makete atajiona humu.

Hatua ya kwanza: ijue njia

Safari ni zaidi ya kilomita 700. Basi la asubuhi likienda vizuri unaingia Njombe usiku wa mapema, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi siku hizi wanaondoka jioni ili wafike asubuhi. Muda wowote utakaochagua, njia ni ile ile: Chalinze, Morogoro, kisha karibu kilomita 50 za lami zinazopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi, halafu Ruaha Mbuyuni, Mlima Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, ndipo unakata kushoto kuelekea Njombe.

Kinachowashangaza wageni ni hali ya hewa. Unaanzia usawa wa bahari. Ruaha Mbuyuni, bondeni kwenye mibuyu na wauza vitunguu, joto linakusubiri mlangoni mwa basi kama mkwe anayedai mahari. Kisha unapanda Kitonga, na kuanzia hapo unazidi kwenda juu mpaka Njombe, ambayo ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ya baridi kali. Kuna asubuhi ambazo nyasi za mabondeni zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mvua ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na wakati huo cha kuhofia zaidi ni tope.

Kwa hiyo unafungasha kwa ajili ya nchi mbili ndani ya siku moja. Mtu wa Dar akiambiwa "baridi" anafikiria feni ya spidi ya tatu. Mpigie simu ndugu aliyeko huko umuulize leo amevaa nini, ndipo uanze kufungasha.

Hatua ya pili: mwaga vyote kitandani

Fanya hivi siku mbili kabla, si usiku wa safari. Sababu ni ya kawaida kabisa: nguo utakayogundua ni chafu itahitaji kufuliwa na kukauka, na dawa utakayogundua imeisha haiuzwi saa nane usiku mtaani kwenu.

Tandika shuka, weka kila unachodhani utakibeba, kisha gawa mafungu matatu. Fungu la mapajani likiwa kubwa kuliko kibegi, anza kupunguza. Nami nakushauri upunguze bila huruma upande wa nguo na viatu, lakini usiguse dawa wala nguo za joto. Jozi ya tatu ya viatu haijawahi kumsaidia mtu Njombe.

Hatua ya tatu: mwilini

Vaa suruali au sketi ndefu isiyobana, maana utakaa saa kumi na tatu au zaidi. Fulana ndani, shati juu yake. Viatu vya kufunika na soksi, hata kama pale stendi ya Mbezi unaonekana kichekesho. Miguu huvimba kwa kukaa muda mrefu, kwa hiyo visiwe vile vya kubana ulivyonunua kwa ajili ya harusi.

Pesa igawe sehemu tatu. Ya kwanza ni chenji, sarafu za mia tano na noti za elfu moja na elfu mbili, iwe mfuko wa mbele: hii ni ya choo, maji, mahindi ya kuchoma na bodaboda. Ya pili ni noti kubwa, na hizi zikae mahali ambapo huwezi kuzitoa hadharani. Bibi yangu alizifunga kwenye pindo la kanga ya ndani, fundo dogo gumu kama punje ya korosho, na katika safari zake zote hakuibiwa hata mara moja. Mwenye sidiria anajua mahali pengine. Ya tatu iache kwenye simu. Lakini usiitegemee hiyo ya simu peke yake: ukishatoka mjini, wakala wa kijijini anaweza kukuambia floti imeisha, urudi kesho, na mtandao wenyewe una siku zake.

Kitambulisho cha taifa kikae nawe. Kipige picha uitume kwenye barua pepe yako, na namba ya NIDA uiandike pembeni. Kisha chukua karatasi, andika kwa kalamu namba tatu za simu: ya aliyekusindikiza, ya anayekupokea, na ya mtu mmoja mwenye akili ya kupokea simu usiku. Simu ikizima au ikiibiwa, utashangaa kwamba hukumbuki namba ya mama yako mzazi.

Hatua ya nne: mapajani

Hapa ndipo penye kazi. Kibegi chenyewe kiwe cha mgongoni, cha zipu, kinachoenea miguuni pako. Usikipandishe kwenye keria juu ya siti. Ukisinzia, kilichoko juu si chako tena.

Anza na kanga. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu orodha nyingi za safari nilizosoma hazimtaji huyu mwanamke wa kazi. Beba doti nzima na uikate kabisa, ziwe vipande viwili. Kimoja ukijifunike alfajiri, ukikunje kiwe mto, ukitundike dirishani jua la Mikumi linapokuunguza shavu la kulia, umfunikie mtoto anaponyonya. Cha pili ni cha kuchimba dawa. Mliokulia mjini mkisikia konda anatangaza "wa kuchimba dawa wateremke", msifikirie mitishamba. Basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na pale hakuna mlango wala ukuta. Mwanamke mwenye kanga anajifunga juu ya sketi, anachuchumaa, amemaliza. Asiye na kanga anabaki anatafuta kichaka kinene huku dereva anapiga honi. Nimeshawahi kuazimwa kanga na mtu nisiyemjua, nami nimewaazima wengine, na hakuna urafiki unaoanza haraka kama huo. Wanaume, shuka la kimasai litawafaa kwa hayo mengine yote.

Pamoja na kanga weka karatasi za chooni, maana vyoo vingi vya njiani havina, na kipande cha sabuni ndani ya kikopo. Pedi pia, hata kama siku zako bado. Barabara inazivuruga.

Sweta. Mapajani, si kwenye buti! Sweta, mzula na jozi ya soksi nzito, vyote vikunjwe pamoja ndani ya kibegi. Vikikujazia nafasi, lifunge sweta kiunoni uondoke nalo hivyo. Na kama huna, usinunue la dukani: nenda kwenye mitumba ya Karume, masweta ya sufi yako kwenye rundo ambalo watu wa Dar wanaliruka, na bei yake ni ya kitu kisichotakiwa.

Dawa. Anayetumia dawa za kila siku, iwe za presha, kisukari, pumu au nyingine yoyote, abebe zote kwenye kibegi hiki, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na za siku tano au sita za ziada. Magari hukwama, misiba huongezeka siku, mvua hukata barabara. Insulini usiiweke kwenye buti kabisa, mle ndani kunapikika. Ongeza dawa ya maumivu, pakiti mbili za ORS kwa ajili ya kuhara, plasta, na dawa ya kichefuchefu kama unajijua. Hiyo ya kichefuchefu inywe mapema kama pakiti inavyosema, usisubiri kona za Kitonga zianze kukuzungusha. Kipande cha tangawizi mbichi cha kutafuna kinasaidia pia.

Jambo moja kuhusu malaria, kwa kuwa limewachanganya wengi. Homa inaweza kuanza wiki moja, mbili au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo ukiumwa ukiwa Njombe kwenye baridi, mbu aliyekuuma anaweza kuwa wa Mbagala. Ukienda kituo cha afya mwambie mganga wazi kwamba umetoka Dar siku kadhaa zilizopita, akupime. Usijiambie ni mafua ya baridi ukaishia kunywa chai ya tangawizi siku tano.

Kwa mwenye mtoto, au mwenye tumbo jepesi: kopo la mtindi la lita moja, lenye kifuniko chake. Zamani tulitapikia mfuko wa rambo na kuurusha dirishani. Mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na mifuko mbadala iliyoletwa inavuja kama chujio la tui, nasema kwa ushahidi wa sketi yangu. Kopo lina mdomo mpana, linafungika, na kwenye kituo unaliosha. Ndani yake, kabla halijatumika, unaweza kupakia karanga. Baada ya hapo usijaribu. Mtoto mwenyewe mbebee nguo kamili za kubadili, jozi mbili, kwenye kibegi hiki hiki. Nguo zake zilizobaki kwenye buti hazitamsaidia kitu.

Simu na umeme. Pawabenki iliyojaa, waya wake, na usitegemee tundu la kuchajia lililoko kwenye siti, linaweza kuwa pambo. Mimi hubeba na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Chaji yake inakaa siku kadhaa, tochi yake imeniongoza vyoo vya gizani, na mwizi akiiona anakuonea huruma. Laini ya pili iwe ya mtandao tofauti na wa kwanza; kuna vijiji ambako mmoja unashika na mwingine unatafuta tu.

Maji na chakula. Chupa ya lita moja na nusu. Najua kwa nini akina mama wengi hawanywi maji safarini, lakini kichwa kinachouma kuanzia Mikumi mara nyingi ni kiu hicho hicho. Kunywa mafunda madogo madogo, na kanga unayo. Basi litasimama kwa chakula dakika chache, foleni ndefu, chipsi zimepoa na bei imepanda, kwa hiyo nenda na vyako: chapati, sambusa, ndizi mbivu, korosho, karanga. Vitu vikavu visivyo na mchuzi. Chipsi mayai ulizonunua alfajiri zikifika saa nane mchana ni hatari. Mayai ya kuchemsha ni chakula kizuri, ila ukiyamenya kwenye basi lililofungwa madirisha, jirani yako atakukumbuka kwa miaka. Ukikwama Kitonga kwa saa sita kama mimi, chapati zile ndizo zitakazokufanya uwe mtu mwema kwa wenzako.

Vya kupewa na usiyemjua, juisi, biskuti, pipi, shukuru kwa adabu uweke pembeni. Wapo wanaolaza abiria usingizi wa dawa, wakiamka hawana simu wala viatu. Uongo utakaotumia ni rahisi: sema umefunga.

Na maganda yako yabaki nawe mpaka kituoni. Hasa ndani ya Mikumi usirushe kitu dirishani. Ni hifadhi, ni kosa, na nyani wamezoea takataka hizo mpaka wanakaa barabarani kuzisubiri.

Hatua ya tano: kwenye buti

Hapa napita haraka. Begi moja, gumu kidogo, zipu nzima. Nguo zikunje kwa kuzisokota kama mkeka, soksi ziingie ndani ya viatu, viatu vikae chini kabisa. Kwa siku tano zinatosha suruali au sketi mbili, fulana tatu, nguo za ndani za kutosha, koti moja la kuzuia upepo, nguo ya kulalia nzito, taulo jembamba na kitenge cha heshima. Nasema cha heshima kwa sababu kijijini utaitwa kanisani, au msibani, au kwa mzee fulani aliyekujua ukiwa mdogo, na hutaki kwenda na suruali iliyochanika magotini. Msimu wa mvua ongeza koti la mvua. Mabuti ya mpira usibebe, utaazimwa huko. Kila nyumba ina jozi nyuma ya mlango.

Panga kwa tabaka, ndiyo siri ya baridi. Fulana, shati, sweta na koti kwa pamoja vinapasha kuliko jaketi moja nene, na jua la saa saba mchana likitoka unavua kimoja kimoja.

Vya majimaji, yaani shampuu na losheni, fungua kifuniko, weka kipande cha nailoni mdomoni, kisha ufunge. Mafuta ya nazi ninayapenda, lakini huko usiyategemee: Dar yanamwagika kama maji, Njombe utayakuta yameganda chupani kama samli na huwezi kuyatoa bila kuyapasha. Beba mafuta ya mgando, na uyapake zaidi midomoni na kwenye visigino. Baridi kavu ya Julai inapasua ngozi ya pwani ndani ya siku mbili.

Zawadi. Usiende mikono mitupu. Huko viazi, njegere na maparachichi vimejaa, kwa hiyo wapelekee visivyoota kwao: nazi tatu nne, dagaa, samaki mkavu. Sukari na sabuni ya mche hazijawahi kukataliwa na bibi yeyote. Kanga kwa mama mkubwa. Samaki mkavu mfunge kwa magazeti, kisha mfuko wa salfeti, kisha ndoo yenye kifuniko. Ukimweka ndani ya begi la nguo, utasalimiana na kijiji kizima ukinukia soko la samaki la Feri.

Mwisho kabisa kunja begi tupu la shangazi kaja, lile la mistari, ulilaze chini ya nguo. Halichukui nafasi. Utalihitaji kurudi.

Hatua ya sita: stendi

Stendi ya Magufuli pale Mbezi ni kubwa, na alfajiri ina watu wa kila aina. Fika saa moja kabla. Mpiga debe akikunyang'anya begi ili "akusaidie", lishike. Akikuita shemeji, lishike zaidi.

Kabla begi halijaingia kwenye buti, fanya mambo matatu. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mkono wake, maana mabegi meusi kumi ya aina moja yatakuwa mle ndani. Langu lina kipande cha kitenge cha njano. Piga picha begi lenyewe likiwa wazi na likiwa limefungwa. Kisha hakikisha konda amelibandika lebo yenye namba na wewe umepewa kipande chake. Kipande hicho kiweke na tiketi, mwilini. Ndani ya begi nako weka karatasi yenye jina lako na namba ya simu, kwa sababu lebo ya nje inaweza kubanduka.

Ukiwa unateremkia njiani, mwambie konda wakati wa kupakia: "Kaka, mimi nashuka Makambako, naomba lisiende chini kabisa." Anaweza kukusikia. Na basi likisimama mahali ambapo wengine wanateremka na mizigo, chungulia dirishani. Begi linaloondoka na mtu kwa bahati mbaya huondoka hapo, mwenyewe ukiwa umelala.

Chagua siti ya mbele ya katikati kama tumbo lako halipendi kona, na funga mkanda. Sweta litoe ukianza kuona misonobari ya Mafinga. Usisubiri mpaka usikie baridi.

Kama safari ni ya ghafla

Safari nyingi za kwetu hazipangwi. Simu inalia saa nne usiku, kuna msiba, na basi la alfajiri linakusubiri. Kwa hiyo ninaweka kibegi tayari nyuma ya kabati: doti ya kanga, mzula, soksi, sabuni, mswaki, dawa ya maumivu, karatasi za chooni, noti chache za chenji na waya wa chaji. Ikitokea, nachukua kibegi, sweta, dawa na kitambulisho, natoka. Nguo nyingine nitaazima kwa binamu. Kanga za msibani zinakuwa mbili siku zote, ya kujifunga na ya kujitanda, na kule juu ongeza ya tatu ya kulalia, kwa sababu watu mtalala chini kwenye mikeka, na sakafu ya Njombe mwezi wa saba haina huruma na mfiwa.

Siku ya kurudi

Shangazi kaja sasa linapata kazi. Viazi vikae chini, njegere zikae kwenye mfuko unaopumua, la sivyo zitachemka zenyewe kabla ya Morogoro. Maparachichi omba yaliyo magumu kama jiwe, uyafunge moja moja kwa gazeti. Yatakuwa tayari siku tatu nne baada ya kufika. Majani ya chai yafunge mbali na vitunguu utakavyoshawishika kununua pale Mbuyuni. Sweta livae wewe, na ulivue Kitonga mkishuka.

Halafu kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Mjomba atakupa dumu, na kukataa si adabu. Kumbuka tu kwamba ulanzi haulali: unaendelea kuchacha safari nzima, na joto la bondeni linauchochea. Usijaze dumu mpaka mdomoni, kifuniko ukilegeze kidogo, ulisimamishe katikati ya miguu yako na kila kituo ulipumzishe. Niliwahi kukaa nyuma ya jamaa aliyekikaza vizuri kifuniko, akakumbatia dumu lake, akalala. Tulikuwa tunaingia Ruaha Mbuyuni. Mlio wake dereva aliudhani tairi, akasimamisha basi.